Baiskeli Katika Nchi ya Mvinyo: Njia ni Wakfu

Najua wako watakaosoma kichwa hiki kisha wagune. Watauliza, huyu aliyekula bakora za chuoni kwa ajili ya Juzuu Amma, ameingiaje katika nchi ya mvinyo? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mapema tusije tukavunjiana heshima. Sikwenda kuonja kitu. Mwezi wa Oktoba 2024 nilikwenda Ufaransa kumtazama mpwa wangu anayesoma katika mji wa Bordeaux. Mji huo ndio kitovu cha biashara ya mvinyo, na ukitoka nje yake kuelekea mashariki utakuta mashamba ya mizabibu, mistari kwa mistari, kama ukili uliosukwa na mkono wa fundi.

Asubuhi moja kijana alinijia na baiskeli mbili. "Mjomba," akaniambia, "leo tutakwenda kilomita hamsini na gari hutaliona ila kwa mbali." Nikacheka, lakini kicheko hakikutoka moyoni. Hakujua, au labda alikwisha sahau kwa kuwa alikuwa hajazaliwa, kwa nini mjomba wake hapandi baiskeli.

Mwaka 1989 nilikuwa na mwenzangu tuliyehitimu naye chuo kimoja. Kazi yake ilikuwa kuchukua maziwa kwa baiskeli kila siku baada ya sala ya Alfajiri, kuyaleta mjini Mombasa kwa njia kuu ya Malindi. Siku moja lori lilimsukuma nje ya lami. Maziwa yalimwagika mchangani, na yeye tukamzika kabla ya Alasiri. Dereva hakusimama. Hapakuwa na kesi wala fidia; palikuwa na hitima tu. Baiskeli yangu niliiuza wiki ile ile, na kwa muda wa miaka 35 sikukanyaga pedali tena. Basi msomaji atafahamu kwamba nilipoishika ile baiskeli ya Bordeaux mikono yangu ilitetemeka, na haikuwa kwa baridi.

Kabla hatujaondoka, mpwa wangu alinipitisha gatini kunionyesha sanamu ya mwanamke mweusi aliyesimama mbele ya mto. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 2019. Ni ya Modeste Testas, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Al Pouessi, binti wa pande za Uhabeshi aliyetekwa utotoni, akauzwa, akawa mali ya wafanyabiashara wa Bordeaux waliokuwa na mashamba ya miwa katika kisiwa ambacho leo ni Haiti. Mji ule ulitajirika kwa mvinyo, ndiyo, lakini ulitajirika pia kwa sukari na kwa watu. Nasema haya mwanzo wa safari ili nisije nikasifu raha ya huko nikasahau bei yake, maana sisi wa pwani hii twajua gati huchukua nini na hurudisha nini.

Kisha tuliuvuka mto Garonne kwa daraja la mawe lililokamilika mwaka 1822. Tangu mwaka 2017 daraja hilo limefungwa kwa magari ya watu binafsi. Tramu hupita, mabasi hupita, na waendao kwa miguu na kwa baiskeli hupita bila ya kutishwa. Ng'ambo ya pili tulifuata ukingo wa mto mpaka kijiji cha Latresne, na hapo ndipo njia yenyewe inapoingia mashambani.

Njia hiyo imepewa jina la Roger Lapébie, mwendesha baiskeli aliyeshinda Tour de France mwaka 1937, mwaka ambao washindani wote waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kutumia gia za kubadilisha. Inatoka Bordeaux mpaka mji mdogo wa Sauveterre-de-Guyenne, zaidi ya kilomita 50. Hapo zamani ilikuwa ni reli. Iliwekwa katika karne ya 19 kuwaunganisha watu wa mashamba na mji mkubwa. Yakaja mabasi, yakaja malori, garimoshi likakosa abiria na baadaye likakosa hata mizigo, mwisho likafa. Vyuma viking'olewa, na mataruma yakaondolewa. Lakini lile tuta lililobeba reli, ule ukanda mwembamba wa ardhi unaopenya katikati ya mashamba ya watu, haukukatwa vipande vipande. Ulibaki mikononi mwa umma, ukatiwa lami nyembamba, na magari yakapigwa marufuku.

Mtu asiyepanda baiskeli hawezi kujua neema ya kupita ilipopita reli. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi wa zamani walikichonga kilima, wakalijaza bonde, wakajenga madaraja, wakatoboa na handaki. Sasa jasho la vibarua wale limekuwa ni sadaka kwa magoti ya mzee kama mimi. Njia inapanda bila ya mtu kujua kwamba anapanda. Stesheni za zamani bado zipo. Ile ya Créon sasa ni kituo cha baiskeli, mtu huazima kwa kukodi, hujaza upepo, hunywa chai yake akaendelea.

Nchi ile huitwa Entre-Deux-Mers, maana yake ni Baina ya Bahari Mbili. Bahari hazipo. Iliyopo ni mito miwili, Garonne na Dordogne, ambayo maji yake hujaa na kupwa kwa kuvutwa na bahari ya Atlantiki. Mtu wa Mombasa au wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Ataona matope ya ukingoni wakati wa maji kupwa na moyo wake utamwambia yuko nyumbani.

Nilichokiona kwanza si mizabibu. Nilianza kwa kusikia. Baada ya kilomita chache niligundua kwamba shingo yangu imelegea. Kwetu mpanda baiskeli huendesha kwa masikio: anasikiliza nyuma, anapima lori liko umbali gani, anaamua kama ni wakati wa kujitupa mchangani. Pale nilisikia mnyororo wangu, nikasikia ndege, nikasikia watoto wawili waliokuwa mbele wakibishana, na mama yao hakuwapigia kelele kwamba washike pembeni. Nilimkumbuka mwenzangu wa maziwa. Sikulia, lakini nilimwambia mpwa wangu tusimame kidogo, nikamhadithia. Alinyamaza, kisha akasema, "Allah amrehemu, mjomba," tukaendelea.

Nisimpambe bibi harusi akapita kiasi. Njia ile si pepo. Inakatwa mara kwa mara na barabara za magari, na pahali hapo ni lazima usimame, utazame, uvuke kwa hadhari. Na ukifika Sauveterre, mji uliojengwa mwaka 1281 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza na ambao milango yake minne ya kale ingali imesimama, ukitaka kuendelea mbele itakubidi uchanganyike na magari tena. Raha ya Wafaransa nayo ina mpaka wake.

Adhuhuri ilitukuta karibu na La Sauve, penye magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1079, ambayo mahujaji wa Kikristo waliokuwa wakienda Hispania walikuwa wakipumzika. Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukatandika kanzu ya mvua chini ya mti. Mpwa wangu alipotazama Kibla nilishangaa: njia yetu tangu asubuhi ilikuwa ikielekea mashariki na kusini kidogo, upande ule ule. Watu walipita kwa baiskeli zao, mmoja akatuinamia kichwa, wengine hawakujali. Kulia na kushoto kwetu palikuwa na mizabibu. Nikakumbuka kwamba zabibu ni katika matunda ambayo Mola ameyataja katika Kitabu Chake kuwa ni ishara na ni neema. Tunda halina kosa. Kosa ni la mkono wa mtu.

Ama kuhusu mvinyo wenyewe, mambo hayako kama tunavyodhani sisi tulio mbali. Twadhani Mfaransa hulala na chupa mkononi. Kwa kweli karibu na mwaka 1960 kila mkazi wa Ufaransa, kwa wastani, alikuwa akinywa zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Katika miaka hii kiasi hicho kimeshuka mpaka karibu lita 40. Vijana wameuacha, na wanunuzi wa ng'ambo, hasa China, wamepunguza. Mwezi wa Agosti 2023 serikali ya Ufaransa ilitenga euro milioni 200 ili mvinyo uliozidi ununuliwe na kugeuzwa spiriti ya kutia katika madawa, manukato na vitu vya kusafishia. Na katika jimbo lile la Bordeaux, mwaka huo huo, mkulima aliahidiwa euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu atakayoing'oa. Fedha zilizopangwa zilikuwa euro milioni 57, za kung'oa hekta 9,500.

Msomaji, hebu fikiri. Nchi ambayo jina lake ulimwenguni limejengwa kwa mzabibu, inamlipa mtu aung'oe mzabibu. Tuliyaona mashamba hayo: ardhi tupu baina ya mashamba ya kijani na ya manjano, visiki vyeusi vimerundikwa vikingojea moto. Mimi sikusikitika kwa mvinyo kupungua, na sitajifanya kuwa nilisikitika. Lakini mkulima aliyepanda mti pamoja na babake, kisha akauchimbua kwa mkono wake, ana msiba wake, na msiba wa jirani hauchekwi.

Hapo ndipo baiskeli inapoingia katika siasa ya uchumi wao. Mvinyo usipouzika kwa sanduku, mwenye shamba hutafuta kuuza kivuli, chumba cha kulala, chakula, na mandhari. Watalii wa baiskeli hawana haraka. Mwenye gari hupita vijiji kumi kwa saa moja. Mwenye baiskeli huona njaa katika kila kijiji cha tatu. Kwa hivyo kila mkoa sasa unajitahidi kuwa na njia zake zisizo na magari. Bourgogne, ambayo nayo ni nchi ya mvinyo, ilikwisha tangulia mwaka 1997 kuigeuza reli iliyokufa baina ya Givry na Cluny kuwa njia ya namna hiyo. Njia zinaungana, na mtu akitaka anaweza kufuata mifereji ya maji kutoka upande wa Atlantiki mpaka bahari ya Kati.

Lakini mtu aliyenifundisha maana ya njia ile hakuwa mtalii. Tulipokuwa tukirudi, pale stesheni ya zamani ya Créon, tulimkuta mtu wa Maroko ameipindua baiskeli yake anatengeneza mnyororo. Tulitoleana salamu. Kiarabu changu cha vitabuni na chake cha Maroko havikupatana sana, mpwa wangu akatufasiria kwa Kifaransa. Alikuwa kibarua wa mashambani: hupogoa mizabibu wakati wa baridi, huchuma zabibu wakati wa mavuno. Hana gari. Njia ile, inayotangazwa kwa watalii kwa picha za watu wanaocheka, yeye huipita gizani alfajiri kwenda kazini na magharibi kurudi chumbani kwake.

Alijua nilichokuwa nikikifikiri, kwa kuwa ni Mwislamu kama mimi na twajua sote kwamba Mtume wetu, Sala na Amani zimfikie, hakumlaani mnywaji peke yake bali pia wale wanaoukamua na kuuchukua. Kabla sijauliza akasema, "Natafuta kazi nyingine, insha'Allah. Huyu tajiri wangu ameng'oa nusu ya shamba. Mwakani sijui kama nitaitwa." Mimi si mufti, wala sikwenda pale kutoa fatwa juu ya mkate wa mtu mwenye watoto. Nilimshikia baiskeli akamaliza kuufunga mnyororo, akaenda zake. Mbele yetu alipishana na mzee na mkewe waliovaa kofia za rangi, watalii bila shaka. Njia haikuuliza nani anakwenda kula raha na nani anatoka kula jasho.

Usiku ule nilijiuliza: ni kitu gani hasa walichonacho wenzetu hawa ambacho sisi hatuna? Jibu la haraka ni fedha. Ndilo jibu tunalolipenda, kwa kuwa linatuondolea lawama. Lakini tulitazame vizuri. Lami nyembamba ya mita tatu si ghali kama barabara ya malori. Kitu cha thamani pale ni ardhi: uzi mmoja usiokatika wa zaidi ya kilomita 50, unaopita katika mashamba ya nchi ambayo kila shubiri ya udongo ina bei. Kama reli ilipokufa kila jirani angeruhusiwa kusogeza ua wake hatua mbili, na kila mkubwa angemwandikia shemeji yake kiwanja, leo hakuna fedha duniani ambazo zingeweza kuununua tena. Hawakuununua. Hawakuugawa tu.

Sisi Waislamu wa pwani tuna neno kwa jambo hili, na neno hilo ni wakfu. Kitu kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu zawadi. Asili yake hufungwa, na manufaa yake huachiwa watu. Mafunzo ya dini yetu juu ya njia ni makubwa kuliko tunavyoyachukulia. Mtume alihimiza njia ipewe haki yake na wapita njia wasiudhiwe, na akakuhesabu kuondoa kitu cha kuudhi njiani kuwa ni tawi katika matawi ya imani. Tulisomeshwa hayo tukiwa wadogo, tukadhani yanahusu mwiba na ganda la ndizi. Je, ukuta uliojengwa katikati ya njia si mwiba? Lori linaloendeshwa ovyo si la kuudhi?

Tazama hali yetu. Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na wengi wao ni wale wasio ndani ya gari: waendao kwa miguu, wa pikipiki, wa baiskeli. Tazama njia za kushukia ufuoni. Wavuvi wa vijiji vingi vya mwambao wanaeleza hadithi moja: babu alishuka hapa, baba akashuka hapa, mwana amekuta lango na mlinzi. Njia haikuondoka siku moja. Ilianza kwa kamba, ikaja seng'enge, ukamalizia ukuta.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa ilikuwa na reli ndogo za toroli, magari mepesi yaliyosukumwa na watu kutoka mji wa kale mpaka Kilindini. Leo mwulize kijana akuonyeshe zilipopita. Hakuna anayejua, mji umezimeza. Na ile reli kubwa ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, tangu garimoshi jipya la abiria lianze mwaka 2017, imepungukiwa na kazi yake. Sisemi iwe njia ya baiskeli. Garimoshi lina kazi yake, na likifufuliwa ni kheri. Nasema kwamba popote patakapokuwa hapana haja ya vyuma, ule ukanda usiliwe. Leo hatujui wajukuu wetu watautumia kwa nini. Waliotandika reli ya Bordeaux nao hawakujua kwamba siku moja mtu wa pwani atasali kando yake.

Wala tusidhani kwamba njia isiyo na gari ni uvumbuzi wa Wazungu. Lamu ilikuwa nayo kabla ya magari kuzaliwa. Vichochoro vyake ni vya mtu na punda, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuvionja. Sasa pikipiki zimeongezeka kisiwani, na wenyewe wanalalamika. Wenzetu wanatumia akili na mali kuirudisha hali ambayo sisi tulirithi bure, nasi tunaiuza kwa kelele.

Kwa hivyo ombi langu si kubwa. Siwaombi wakuu wa kaunti zetu njia za watalii; watalii watajitafutia. Naomba barabara mpya ikichorwa, pawe na mtu wa kuuliza: mchukuzi wa maziwa atapita wapi? Mtoto wa madrasa atapita wapi? Na sisi wenyewe, kabla ya kusogeza ua hatua moja, tujiulize tunakula haki ya nani. Nchi ya mvinyo sikuionea wivu kwa mvinyo wake, ambao wenyewe sasa wanaumwaga. Niliionea wivu kwa tuta la reli.

Nimerudi nyumbani, na baiskeli nimenunua, kuukuu lakini nzima. Naipanda ndani ya mitaa tu, asubuhi baada ya sala, wala sijathubutu kuigusa njia ya Malindi. Beti hii niliitunga nikiwa juu yake:

Njia ni haki ya watu, si mali ya mwenye nguvu,
Asiizibe mwenzetu, kwa ukuta na mabavu,
Mwenye gari ni wa kwetu, naye apunguze wivu,
Mtoto wa mji wetu, apite pasi na kovu.